Siku Nilipoagiza Matako ya Mninga

Nianze kujicheka mwenyewe ndipo mcheke nyie, maana jambo hili hata nikilificha Palma nzima, huku kwetu Msumbiji, ina watu wa kulisimulia, tena wao wanatia chumvi, na mie naona bora mlisikie kwangu, chumvi yake ya kuzaliwa nayo inatosha. Mie Fadhili (watu wa Diaca bado wananiita Faustino, jina nililoliacha siku niliposilimu nikamwoa Zena) niliwahi kusimama uani kwa mama mkwe wangu, mashangazi wa mke wangu wamenizunguka, askari wa serikali wako mlangoni na silaha zao, nikaulizwa niseme mbele ya wote naagizia watu kitu gani, na majibu yalikuwa mawili tu, moja la aibu na moja la jela.

Mchana mie ni fundi wa pikipiki, na zamu yangu ikifika ni mlinzi wa bairo letu, yaani mtaa wetu, pamoja na watu wazima wenzangu, tumeandikishwa, tunajulikana, na bunduki zetu tumepewa na serikali na zinalala kituoni, hakuna mtu anayekwenda na yake nyumbani. Sasa bunduki zenyewe ni za zamani. Chuma chake kizima kabisa, lakini ile mbao ya nyuma, ile unayoiegemeza begani na kuilazia shavu ukilenga, inayoitwa tako la bunduki (neno hilo lishikeni, maana ndilo lililonimaliza), imeoza, nyingine zimepasuka, nyingine tumezifunga kwa mipira ya baiskeli kama mguu wa mbuzi aliyevunjika. Ilifika mahali siku wamekuja wakubwa kutukagua, kamanda wetu Mateus akapiga saluti ya nguvu, tako la bunduki yake likachomoka likamwangukia kwenye kidole gumba cha mguu, na yule mzee hakulia, alisimama vilevile saluti iko juu na machozi yanamtiririka, wageni wakadhani ni uchungu wa nchi.

Baada ya hapo tukaomba ruhusa ya kutengeneza matako mapya tukapewa. Fundi nilikuwa naye mie, mjomba wangu Lazaro wa Diaca, anayechonga vitanda na milango, na ujana wake aliwachongea wawindaji wengi. Akatoa moja la majaribio kwa kipimo changu, likaletwa, tukalifunga kwenye bunduki yangu pale kituoni, na jamani lile tako lilikuwa zuri, la mninga, mistari ya mti inaonekana kama maji yanayokimbia, unaliweka begani unasahau kama umebeba kitu. Wote wakalitamani. Mjomba akasema haangushi gogo zima kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, tujikusanye tuagize pamoja, kila mtu na kipimo chake, mwenye mkono mrefu apate refu na mwenye mkono mfupi apate fupi, na wenzetu wa Pundanhar waliposikia wakasema na sisi tumo. Wakanichagua mie niwe mwenye shughuli hiyo, kwa sababu mjomba ni wangu na telefone yangu kioo chake hakijapasuka.

Mateus akaniita pembeni. "Faustino," akasema (yeye hajakubali Fadhili mpaka leo), "kwenye telefone usitaje bunduki. Siku hizi neno hilo likipita hewani linasikiwa na watu wa kila namna. Zunguka nyumba kwa nyumba, ongea na mtu uso kwa uso."

Mngekuwa nyie mngezunguka, si ndiyo? Mie nikaona jua kali, na Pundanhar njia yake mnaijua, mashimo matupu. Nikajiambia nitatuma ujumbe wa sauti kwenye grupo letu, ila neno bunduki nitaliruka, nitasema tako tu, wenyewe wataelewa. Nikajiona mjanja kweli. Hata grupo lenyewe tulikuwa tumelipa jina la kuficha, tuliliita Kazi ya Fundi.

Lakini kwenye telefone yangu lilikuwamo na grupo jingine, Kazi ya Harusi. Shemeji yangu Fatuma, mdogo wake Zena, alikuwa anakaribia kuolewa, na mie nilikuwa nimepewa mambo ya viti na turubai, kwa hiyo nikaingizwa humo. Humo yumo mama mkwe wangu Bi Atija, wamo mashangazi wa hapa na wa Mtwara, wamo wakwe wapya, yumo mke wa imamu. Mama mkwe huyo, mjue, mie mbele yake sijawahi hata kupiga chafya bila kugeuka pembeni. Alichukua muda mrefu kunikubali, mtu wa bara, wa kusilimu juzi, mikono imejaa oili, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuniita mwanangu.

Asubuhi ya safari ya Diaca nimeshakaa juu ya pikipiki, naiacha injini ipate moto, nikatoa telefone nikabonyeza Kazi, nikasema maneno haya, na nayakumbuka yote kwa sababu baadaye nililazimika kuyasikiliza mbele za watu:

"Salaam aleikum jamani. Ni ile habari ya matako. Fundi yuko tayari, nakwenda kwake leo. Kila anayetaka tako jipya anitumie kipimo chake, msione haya, maana tako la mtu mfupi halimkai mtu mrefu. Atalipiga msasa mpaka liwe laini, halafu atalipaka mafuta ling'ae. Haya ya zamani mnayoyafungafunga na mipira yanatutia aibu mbele ya wageni, tuyatupe. Mie la kwangu nimeshalijaribu, nimelilazia shavu, limetulia raha mustarehe. Malipo tutaelewana. Na jambo hili lisitoke nje ya grupo."

Nikatia telefone mfukoni nikaondoka.

Mocímboa nimepita, kizuizi cha Awasse nimepita vizuri, nikafika Diaca jioni, nikatoa telefone nione vipimo vilivyokuja, imezima, na kwa mjomba Lazaro ile sola yake ilikuwa imeharibika. Mjomba akanuna. "Umetoka pwani mpaka hapa umeniletea kipimo cha nani?" Nikamwambia nitarudi nivichukue kwa mkono, nikalala, kesho yake nikageuza pikipiki nikarudi Palma, sina habari yoyote, naimba njiani.

Cha kwanza nilichokiona ni wanawake wa kwenye bomba la maji. Nilipopita wakanyamaza wote, nilipokwisha kupita wakacheka wote, mmoja akasema, "Fundi huyo!" Nikapunga mkono. Mie si fundi kweli?

Nyumbani Zena hayupo, mlango una kufuli. Nikachomeka telefone kwa jirani, nikakaa barazani kungoja, ndipo akaja Bi Muacha, mke wa mlinzi mwenzetu mmoja, amejitanda kanga mpaka puani, anaangalia nyuma kila hatua mbili.

"Shemeji," akanong'ona, "nimesikia habari ya fundi. Na mie nalitaka."

Nikafurahi. Nikadhani mume wake kamtuma.

"Vizuri sana," nikasema. "Unataka kubwa au dogo?"

"La kiasi. Lisije likawashtua watu."

"Hili la zamani lina tatizo gani? Limepasuka?"

Akanitazama sana. "Halijapasuka, shemeji. Limesinyaa tu."

"Aa, hiyo mbao mbichi hiyo! Ilikatwa kabla haijakauka. Sasa sikiliza, mwambie mume wako apite kituoni kesho, avue shati, nimpime kutoka begani mpaka kwenye kidole."

"Mume wangu?" akasema. "Mume wangu ya nini? Nalitaka mie, nataka limshtukize!"

Tukatazamana. Mie nikaanza kuona kuna jambo haliendi, na yeye akaanza kuona hivyohivyo, akashusha macho akaangalia mikono yangu iliyojaa oili, akasema, "Astaghfirullah, tena unatumia mbao?" akaondoka mbio mpaka ndara moja ikabaki uani.

Nikaenda kwa jirani nikaiwasha telefone ile ile na asilimia zake chache. Ilitetemeka mfululizo kama ina homa. Sitawasomea yote. Shangazi wa Mtwara aliandika, "Huyu si mume wa Zena?" Mke wa imamu aliandika maneno ya Kiarabu ya kujikinga na shetani. Mwingine aliuliza kama fundi anakuja nyumbani au mtu anamfuata. Mwisho kabisa ulikuwapo ujumbe wa mama mkwe wangu, mfupi, "Mwanangu Fadhili, tumesikia," na chini yake yameandikwa yale maneno ya kuonyesha kwamba nimetolewa kwenye grupo. Nikakaa chini pale pale kwa jirani, kwenye ndoo.

Nyie mnajua mambo ya siku hizi, madawa ya kukuza makalio yanatangazwa kila mahali, kwenye telefone, sokoni, ya kunywa, ya kupaka. Kwa hiyo walichokielewa kilikuwa hicho hicho. Mume wa Zena anafanya biashara ya kuwaongezea wanawake makalio, ana fundi wake porini huko Diaca, na la kwake keshalijaribu, tena amelilazia shavu. La nani hilo alilolilazia shavu? Swali hilo ndilo lililokuwa linamtoa Zena machozi, nyumbani kwa mama yake, alikokwenda tangu jana.

Nikaitwa kikao jioni ile ile. Uani kwa Bi Atija mkeka umetandikwa, mashangazi wamekaa upande mmoja, mjomba wao Mzee Abdala yuko kwenye kiti, Zena yuko mlangoni kwa jikoni amenipa mgongo. Nikaamkia, nikaitikiwa kwa sauti za msibani.

"Fadhili," akaanza Mzee Abdala, "sisi hatukuiti kukugombeza. Tunataka kujua. Hiyo biashara umeanza lini?"

"Si biashara, mzee. Ni kikundi tu, tunaagiza pamoja."

"Mko wengi?" akauliza shangazi mmoja, mkono kifuani.

"Na wa Pundanhar wamo."

"Yarabi! Mpaka Pundanhar!"

Na hapo mnione nilivyobanwa. Kueleza nataka, lakini ua ule una ukuta wa makuti, wageni wa harusi wamejaa nyumba ya pili, na kamanda amenikataza kutaja bunduki ovyo. Nikaona nijaribu kueleza kwa kuzunguka, na kuzunguka ndiko kulikonizidishia balaa.

"Jamani, si hayo mnayoyafikiria. Haya ni ya mbao!"

Shangazi wa pili akashika kichwa. "Wanawafunga mbao watoto wa watu?"

"Hawafungwi wanawake, shangazi. Ni ya wanaume!"

Mzee Abdala akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Bi Atija aliniangalia tu, na macho yale yalikuwa yananirudisha nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka siku ya kwanza nilipokuja kuposa na viatu vya kuazima. Nikageukia mlango wa jikoni nikasema, "Zena, wewe unanijua," na mgongo wa Zena haukugeuka.

Ndipo hodi ikapigwa, hodi ya buti.

Kumbe kwenye lile grupo alikuwamo mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliyewahi kutumika jeshini, na yeye peke yake alielewa sawasawa. Alisikia habari ya kulaza shavu na kufunga mipira, akajua hiyo ni bunduki, tena mtu anaagiza nyingi na anasema jambo lisitoke nje, na kwa nchi yetu na vita tuliyoipitia, sitamlaumu, alikwenda kutoa taarifa. Aliingia afisa mmoja, mtu wa kusini, Kireno kitupu, pamoja na askari wawili, mmoja wao Mmakua wa Nampula aliyekuwa anajua Kiswahili cha kuokoteza, yeye ndiye mkalimani.

"Fadhili ni nani?"

Nikanyoosha mkono. Jamani, aibu ni kitu kibaya, lakini woga ulipoingia aibu ilinitoka yote mara moja, nikabaki nawaza tu kwamba watu huku kwetu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko yale.

Afisa akatoa telefone akaiweka juu ya kinu, akabonyeza, na sauti yangu ikatoka humo imechangamka, salaam aleikum jamani, ni ile habari ya matako. Yote. Mbele ya mama mkwe wangu, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa anahesabu tasbihi kwa haraka ambayo sijapata kuiona. Mkalimani akawa anatafsiri sentensi kwa sentensi, na yeye, maskini, tako alilolijua ni lile moja ambalo kila mtu analo, kwa hiyo kila mahali akawa anasema *bunda*, ndivyo Kireno kinavyosema. Kila anayetaka bunda mpya alete kipimo. Bunda ya mtu mfupi haimkai mtu mrefu. Afisa uso ukaanza kumbadilika. Alipofika kwenye mafuta na kung'aa, yule askari mwingine akageuka akaangalia ukuta, mabega yanatikisika.

Afisa akainua mkono kumsimamisha. Yeye taarifa aliyoletewa ilikuwa ya silaha, na neno moja la Kiswahili ambalo kila askari aliyeletwa huku analijua ni bunduki. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya kahawa, akaniuliza taratibu, kila neno mbalimbali, na swali lile hata asiyejua Kireno pale uani alilielewa:

"Bunda... ou bunduki?"

Nikifumba macho naiona ile saa. Nikisema la kwanza, wanaondoka zao wakicheka, nalala kwangu, lakini mke sina, mkwe sina, na Palma nitapita kwa vichochoro mpaka nife. Nikisema la pili, heshima yangu inarudi na mie mwenyewe naondoka nimefungwa. Nikamtazama Zena. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Keshaondoka, nikajiambia, hata kusikia jibu langu hakutaka. Basi nikaona niseme kweli, liwalo na liwe.

"Bunduki," nikasema. "Ni matako ya bunduki, mkubwa. Ya mbao."

Na kabla askari hawajanyanyua mguu, mama mkwe wangu akainua mikono miwili juu, akalia kwa sauti ambayo nadhani ilifika bandarini: "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Ni bunduki tu!"

Mashangazi wakaitikia, mmoja akapiga kigelegele. Afisa akageuka akawatazama wanawake wale wanaomshukuru Mungu kwamba mtoto wao kakamatwa na habari za silaha, akamtazama mkalimani, mkalimani akainua mabega. Bi Atija akasimama, akaja akajiweka mbele yangu, kati yangu na afisa, mtu mfupi yule, akasema, "Mwambie huyu ni mwanangu. Ni mlinzi wa bairo, jina lake limeandikwa. Akamuulize mkubwa wake kabla hajamgusa."

Hakukuwa na haja ya kwenda kuuliza, maana Kamanda Mateus alikuwa anaingia, anahema, shati limefungwa vifungo upande, barua ya ruhusa mkononi, na nyuma yake Zena, hana ndara, kanga imemvuka begani. Yule mwanamke aliyenipa mgongo jioni nzima alikuwa amekasirika kweli, lakini alipoona buti zinaingia alipita mlango wa jikoni akakimbia mpaka kituoni. Mateus alizungumza na afisa Kireno cha jeshi kwa muda mrefu, akionyesha bega, akionyesha shavu, akavua kiatu akaonyesha na kidole gumba chake. Afisa alisikiliza amekaza uso, akaisoma ile barua, akaikunja, halafu akaomba ujumbe upigwe tena toka mwanzo. Safari hii alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha Mzee Abdala.

Walipoondoka, wali ukaletwa, na Bi Atija mwenyewe akanichagulia kichwa cha samaki, akaniambia, "Kula, mwanangu. Lakini kwenye grupo hurudi." Nikasema ndiyo mama. Sikuwahi kula wali mtamu kama ule, na sikumbuki hata samaki alikuwa gani. Mateus naye alikaribishwa akala, kila tonge ananitazama anatikisa kichwa.

Njiani kurudi nyumbani Zena alitangulia, mie nyuma nambebea mfuko wake wa nguo. Tulipofika kwenye kona akasimama, akasema bila kugeuka, "Ulilaza shavu, ee?" halafu akaanza kucheka, akacheka akashika mti, akacheka akakaa chini barabarani na kanga yake nzuri, na mie nikakaa karibu yake nikacheka na machozi yananitoka, na watu waliopita hawakuuliza, walikuwa wanajua.

Vipimo nilivichukua kwa mkono, nyumba kwa nyumba, na Pundanhar nilikwenda mwenyewe, nikaanguka na pikipiki mara mbili, sikulalamika. Matako yalikuja, mazuri yote, na kila mlinzi ana lake. Lakini mie tangu siku ile ujumbe wa sauti situmi, hata nikiwa nataka chumvi dukani nakwenda kwa miguu, na kitu nakitaja kwa jina lake zima, mwanzo mpaka mwisho. Neno ukilivua nguo ili ulifiche, watu watalivisha wanayoyataka wao. Na kama nyie mna jambo la kuagiza kwa kikundi, liwe la bakuli au la viti, tafuteni mtu mwingine wa kulisimamia. Mie nimestaafu.